Sura ya Nne Haitoki

Jumatatu, 3 Machi

Zege tena kwenye saiti yetu ya Muyenga. Lori la kokoto lilichelewa, mvua ikatuwahi, nikamaliza siku na matope hadi magotini. Okello, mnyapara wetu, aligombana na fundi wa nondo mpaka nikawatenga kama watoto. Chai ilikuwa baridi. Chapati ilikuwa nzuri.

Jioni ujumbe kutoka kwa Dakta Ssali, msimamizi wangu pale chuoni: ripoti za watahini zimerudi, njoo kesho. Hakuna salamu. Akiwa na habari njema huwa anapiga simu na kucheka kabla hajaongea.

Nimefua soksi. Sitaki kufikiri.

Jumanne, 4 Machi

Mtahini wa ndani amenipa sabini na mbili. Mtahini wa nje amenipa hamsini na moja. Kufaulu uzamili ni sitini.

Watu wawili wamesoma tasnifu moja. Mmoja ameona mhandisi, mwingine ameona takataka. Nilisoma ripoti ya mtahini wa nje nimesimama kwenye korido, halafu nikaisoma tena kwenye ngazi. Anasema sura ya nne haina nidhamu ya kihandisi. Anataka itoke yote. Si irekebishwe. Itoke.

Naandika hapa sura ya nne ni nini, maana nina hasira na hasira hunisahaulisha. Nguvu ya zege hupimwa kwa michemraba. Unachukua zege la jengo, unajaza kwenye vibati vya mraba, likikauka unapeleka maabara, mashine inaiponda na kukuambia ilivumilia mzigo kiasi gani. Kwa namba hiyo tunaruhusu watu walale chini ya slabu, ile dari ya zege.

Na kila mtu Kampala aliyewahi kushika koleo anajua kinachofanyika. Zege la slabu linapimwa kwa karai na kwa macho. La michemraba linaongezwa saruji, linashindiliwa taratibu, kisha michemraba inalazwa kwenye pipa la maji na kutunzwa kama mgonjwa wa wodi ya kulipia. Slabu yenyewe inaachwa juani ijitegemee. Michemraba inafaulu. Slabu haijaulizwa chochote. Mimi huiita michemraba ya wageni, kama vile vikombe vya kabatini ambavyo sisi wa nyumbani hatuvigusi.

Yangu niliijaza kwa zege lilelile la slabu, nikaiacha palepale kando yake, ipigwe na jua lilelile. Saiti tano. Nne zilitoka dhaifu, nyingine dhaifu ya kutisha. Moja tu, ya Kyanja, ambako Okello alikuwa mnyapara, ilitoka imara. Hiyo ndiyo sura ya nne. Mtahini wa nje anasema michemraba lazima ikae kwenye maji ya maabara, vitabu vinasema hivyo. Najua vinasema. Nimevisoma vyote. Slabu haijavisoma.

Kitu kimoja tu kakisifu: matokeo ya Kyanja. Ati hayo ndiyo pekee yanayoonekana kutoka kwa mtu anayejua kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa na Dakta Ssali na kanuni za mitihani mezani. Alama za watahini zikitofautiana hivi, haziruhusiwi kujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Hapo ningepita, kwa shida, lakini ningepita. Haziruhusiwi. Basi nina njia mbili.

Ya kwanza: nikubali marekebisho. Niondoe sura ya nne, mtahini wa nje asome kilichobaki, anipe sitini. Hata kilichobaki kikiwa dhahabu, ni sitini tu, haipandi. Mwezi wa sita navaa joho.

Ya pili: nikatae. Mtahini wa tatu atateuliwa. Atasoma yote, atakaa kwenye utetezi wangu wa mdomo, atatoa alama moja, na alama hiyo itafuta zile mbili. Hakuna rufaa. Nikipata chini ya sitini ningeweza kuwasilisha upya, lakini muda wangu wa usajili unaisha mwaka huu. Kwa hiyo kwangu mimi, chini ya sitini ni mwisho. Watanipa stashahada kwa yale masomo ya darasani niliyofaulu na kunitakia maisha mema.

Dakta amenishauri ya kwanza. Hakuzungusha maneno. Alisema wanafunzi wake wote waliochagua ya pili, hawakumshukuru baadaye. Ni mtu mwema na amechoka. Alinipa mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba kuamua, akanisindikiza hadi kwenye lango, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Nimerudi nyumbani Nsambya kwa miguu ili nichoke. Sikuchoka.

Jumamosi, 8 Machi

Brian amepiga. Tulianza uzamili pamoja. Yeye aliambiwa aondoe sura mbili, akaziondoa jioni ileile, sasa yuko Jinja na cheo kipya. Ananiambia cheti cha uzamili hakina daraja. Hakiandikwi kwanza wala pili. Wa sitini na wa tisini wanapewa karatasi moja, muhuri mmoja. Sasa unapigania nini, Nekesa?

Nilimwuliza zile sura mbili zilihusu nini. Akasema hata hakumbuki vizuri.

Nilikata simu kwa adabu. Sitaki kuwa mtu asiyekumbuka.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimemweleza Furaha. Tunapanga nyumba moja, vyumba viwili, yeye anauza vitenge Old Kampala. Alitoka Bukavu na begi moja na diploma ya ualimu ambayo hapa hakuna ofisi inayotaka kuitazama. Nilidhani angenielewa.

"Weye Nekesa, uko na kichwa nguvu," akasema. "Bakisema utoe hiyo kapitre, utoe! Diplome utabakia nayo. Mi yangu banaikatala, na sikukosa hata kapitre moja."

Nikamwambia si kitu kimoja. Akasema kwa mwenye njaa ni kitu kimoja. Tukanyamaziana mpaka wali ukaiva. Alinipakulia nyama kubwa kuliko yake, ndivyo anavyoomba radhi, na mimi nikala, ndivyo ninavyokubali.

Lakini nimechukia. Nimechukia kwa sababu ana haki. Kama cheti kingekuwa kitu cha kunijaza tumbo tu, ningeitoa sura hiyo kesho na kwenda kucheza. Shida ni kwamba nilisimama kwenye zile saiti. Niliiona ile mashine ikiponda mchemraba wa saiti ya tatu kama mandazi ya jana. Kuna watu wanaishi pale sasa. Wameweka mapazia.

Jumanne, 11 Machi

Kazini. Nimemkaripia fundi bila sababu. Nimemwomba msamaha. Okello akaniuliza kama ninaumwa.

Nikamwambia ni masomo. "Madamu, hiyo masomo itakuua," akasema. "Lakini utapita. Mimi najua utapita." Alisema kwa uhakika mkubwa hata nikacheka. Angalau mtu mmoja mjini ana imani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekataa.

Nimeandika barua ya mistari minne. Sura ya nne haitoki. Naomba mtahini wa tatu. Karani wa idara aliisoma mbele yangu, akaniangalia, akaisoma tena, akaniuliza kama msimamizi wangu anajua. Anajua. Akagonga muhuri polepole, labda ananipa nafasi ya kuinyakua.

Sikuinyakua. Nilitoka nje nikanunua rolex kwa kijana wa kona, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, nikala nimesimama. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatano, 2 Aprili

Bado hakuna jina la mtahini. Koridoni wananipisha kama nina surua. Mhadhiri mmoja, ambaye zamani alikuwa akiniita binti yangu, alinisalimu leo kwa Bi. Nekesa. Mwingine aliniambia mbele ya watu kuwa vijana wa siku hizi wanadhani uzamili ni mkutano wa hadhara.

Nilimjibu kwamba hapana, ni mtihani, na mimi naomba kutahiniwa. Akaondoka. Najua nitalipia jibu hilo mahali fulani. Lilikuwa tamu hata hivyo.

Jumanne, 22 Aprili

Mtahini wa tatu amepatikana. Ni mwanamke, profesa wa chuo kingine, na sifa yake imemtangulia. Dakta Ssali alipotaja jina lake alijipapasa shingo. Anasoma kila jedwali, anasema. Anajumlisha namba zako upya kwa mkono. Aliwahi kumwangusha mwanafunzi kwa mchoro usio na vipimo.

Vizuri. Na ajumlishe. Namba zangu nimezijumlisha hadi ninaziota.

Utetezi ni tarehe sita Mei. Tasnifu iko kwake tayari, na kuanzia sasa kanuni haziniruhusu kugusa hata koma moja. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Jumamosi, 3 Mei

Sijui nianzie wapi. Niandike tu.

Leo tulimaliza kazi mapema kwa ajili ya mvua. Tulijikinga chini ya ngazi, mimi na Okello, tukinywa chai kwa vikombe vya plastiki. Nikamwambia Jumanne ndiyo siku yangu. Nikamwambia mtahini ni mkali. Okello akatabasamu, akaniinamia kama mtu mwenye zawadi mfukoni.

"Usiogope, madamu. Ile ya Kyanja nilikusaidia."

Nikamwuliza kunisaidia vipi.

"Ile wiki ulienda mtihani, ukasema tujaze sisi. Nikaongeza simiti kwa yako. Mingi! Nikaweka kwa pipa, kila siku naangalia. Kabla hujarudi natoa, napanga kwa slabu pale uliacha. Hii ni mtoto wetu anasoma, nikasema, hawezi kupeleka kwa chuo simiti mbaya wamfelishe."

Alidhani alama zangu zinatokana na nguvu ya michemraba. Ikivumilia sana, nimefaulu. Ikivunjika, nimeanguka. Na kwa nini asidhani hivyo? Maisha yake yote saiti, michemraba ikivunjika anayepata aibu ni aliyeipeleka. Alinionea huruma. Alinifanyia kile ambacho angemfanyia mwanawe.

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Ningesema nini? Alikuwa anang'aa uso mzima.

Halafu mvua ikapungua nikapanda boda hadi nyumbani na sikumbuki njia.

Kyanja. Saiti yangu imara. Niliyoiandikia kurasa nzima kuonyesha kwamba usimamizi mzuri unawezekana hata bila maabara. Nilimsifu mnyapara bila kumtaja jina! Jambo pekee ambalo mtahini wa nje alilipenda. Ni michemraba ya wageni. Ndani ya sura niliyoiandika kuikataa, nimepikiwa michemraba ya wageni na sikuiona. Mimi, mwenye macho makali.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda misa.

Nimempigia Dakta Ssali. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Okello na wewe. Akasema basi hakuna mtu anayejua.

Alinieleza kwa upole. Tasnifu haiguswi, kanuni zinasema. Hakuna mahali pa kuongeza maelezo. Mtahini hawezi kuuliza asichokijua. Jibu unachoulizwa, pokea alama, halafu ukitaka utaandika makala baadaye na kusahihisha. Huo si uongo, alisema, huo ni utaratibu.

Ana huruma ya kweli na ninamheshimu. Lakini neno hilo, utaratibu. Pipa la maji nalo ni utaratibu.

Furaha aliniona nimekaa kitandani na viatu. Nikamwambia. Nilitegemea aseme tena nina kichwa nguvu. Alikaa kando yangu akasema, "Sasa iko nguvu ya kweli. Ile ya kwanza ilikuwa hasira tu." Halafu akasema yeye angenyamaza. Akasema wazi. Angenyamaza, angechukua diplome, angelala. "Mi siko weye."

Kitu kinachonikera ni hiki: nikinyamaza nafaulu zaidi. Kyanja ndiyo nguzo. Nikiitoa, zinabaki saiti nne mbovu na mwanafunzi aliyedanganywa na mnyapara wake. Nikiitaja, nimempa mtahini anayejumlisha kwa mkono fimbo ya kunichapia. Miezi miwili nimegoma kuondoa sura kwa sababu ni ya kweli. Sasa najua saiti yake moja kati ya tano si ya kweli. Nikiilinda hivyohivyo, mtahini wa nje atakuwa na haki, na hilo siwezi kulimeza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimechukua ruhusa kazini. Nimepiga pasi suti. Nimefanya hesabu upya bila Kyanja. Hoja bado inasimama. Inasimama vibaya, kama mtu mwenye mguu mmoja, lakini inasimama.

Nitasema. Nitasema kabla hajauliza chochote, ili asidhani amenikamata.

Naogopa sana. Basi, na niogope. Hakuna kanuni inayokataza.

Jumanne, 6 Mei

Nimesema.

Chumba kidogo, feni mbovu. Mwenyekiti wa jopo, mtahini wa ndani, Dakta Ssali pembeni, maana msimamizi haruhusiwi kuongea. Na yeye, mtahini wa tatu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Tasnifu yangu mbele yake imejaa vikaratasi vya rangi kama keki ya harusi.

Mwenyekiti alinikaribisha nitoe muhtasari. Nikasema kabla ya muhtasari nina jambo. Nikasema matokeo ya Kyanja si halali, michemraba iliongezwa saruji na kulowekwa bila mimi kujua, nimelijua Jumamosi, na kanuni hazikuniruhusu kubadili maandishi. Nikasema wasiihesabu. Dakta Ssali alifumba macho.

Mwenyekiti akasema kwa ukali kwamba hilo linaweza kufanya utetezi wote ubatilike. Nikasema naelewa. Akauliza kwa nini basi nisiombe kuahirisha. Nikasema usajili wangu hauruhusu kuahirisha, na hata ungeruhusu, ninachokijua leo nitakijua hata mwakani.

Yeye mwenye miwani alikuwa bado hajaongea. Akafungua ukurasa wa Kyanja. Pale palikuwa na kikaratasi chekundu. Akasema alikuwa amepanga kuniuliza, maana hakuna slabu ya juani inayofikisha namba ile, labda mvua inyeshe siku zote na mnyapara awe malaika. Alikuwa anajua! Amejumlisha kwa mkono na akajua.

Halafu akanila. Sina neno jingine. Kwa nini saiti tano tu. Kwa nini niliondoka wiki ile. Kwa nini niliamini namba nzuri bila kuihoji, ilhali namba mbaya nilizihoji mara tatu. Hilo la mwisho lilinichoma. Nikasema: kwa sababu niliipenda. Akaandika.

Mwishoni aliniuliza, kama angeamuru sura ya nne itoke, ningefanya nini. Nikasema angeniangusha, basi, maana haitoki. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Feni ilisimama wakati huohuo na chumba kizima kikanisikia vizuri.

Koridoni Dakta Ssali alinishika bega. Sijui kama ni pongezi au rambirambi.

Ijumaa, 9 Mei

Kimya. Naenda kazini, narudi. Okello ananiuliza kila asubuhi, "Bado, madamu?" Bado.

Sijamwambia. Sijui nitamwambiaje. Nikikumbuka uso wake chini ya zile ngazi, nakosa pa kuanzia. Alitaka nifaulu. Katika jambo hili zima, watu waliotaka nifaulu bila masharti walikuwa wachache, na yeye ndiye aliyefanya kazi.

Jumanne, 13 Mei

Kuna uvumi kwamba bodi inakaa Ijumaa. Kuna uvumi mwingine kwamba yule mwenyekiti anataka jambo langu liende kwa kamati ya nidhamu, kwa udanganyifu wa takwimu. Udanganyifu! Mimi niliyeingia nikiwa nimelibeba kosa langu mkononi. Nimemwandikia: nikiitwa nitakuja, na nitasema yaleyale. Nimetuma kabla ya kuisoma mara ya pili.

Furaha anasema niache kutuma vitu nikiwa nimesimama. Labda.

Jumatatu, 19 Mei

Dakta Ssali amepiga simu. Amecheka kabla hajaongea.

Sitini na moja.

Sura ya nne inabaki. Kyanja inatoka kwenye jedwali na kwenye hitimisho, na mahali pake niandike aya inayoeleza kilichotokea, nani alifanya na kwa nini, bila kumtaja mtu jina. Mtahini ameandika kwamba aya hiyo isipokuwepo, tasnifu isipokelewe. Kamati ya nidhamu hakuna. Mwenyekiti alizungumza, mtahini akamwuliza ni mwanafunzi gani mwingine kwenye idara hii aliyewahi kuleta kosa lake mwenyewe mezani, mwenyekiti akageukia jambo linalofuata.

Sitini na moja. Ningekata sura ningepewa sitini. Nimepigana tangu Machi, nimekosana na nusu ya idara, nimekonda hadi sketi inazunguka, kwa alama moja. Nilimtumia Brian. Akajibu kwa vikatuni vya kucheka, safu nzima. Nikacheka pia, peke yangu, kwenye saiti, fundi wa nondo akanitazama.

Nimefaulu. Nimefaulu na sura yangu. Acha wacheke.

Alhamisi, 22 Mei

Aya imenishinda. Nimeiandika mara nyingi. Kila nikiandika kwamba mnyapara aliharibu sampuli, mkono unagoma. Hakuharibu kwa ubaya. Nikiandika kwamba alisaidia, inakuwa kama utani, na hii ni tasnifu. Mwishowe nimeandika tu alichofanya, kwa mpangilio, na alichoamini: kwamba mwanafunzi hupewa alama kwa nguvu ya zege lake. Halafu nikaandika kwamba imani hiyo haitofautiani sana na ya wakaguzi wanaotia sahihi michemraba ya wageni bila kuuliza imetoka wapi.

Sentensi hiyo ya mwisho Dakta ataniambia niitoe. Haitoki.

Jumamosi, 24 Mei

Kazi imeisha saa saba. Jua kidogo. Nimekaa na Okello kwenye rundo la matofali, nikamwambia nimefaulu. Akapiga makofi, akaita mafundi wote, wakanipigia kelele mpaka mwenye nyumba ya jirani akatoka nje kutazama.

Walipoondoka nikamwambia yaliyobaki. Polepole, kwa Kiswahili chepesi. Kwamba sikuwa nataka michemraba imara, nilitaka ya kweli. Kwamba ya Kyanja ilibidi niitoe, na nilisimama mbele ya maprofesa nikasema. Akaokota kipande cha tofali akawa anakigeuza. Akauliza kama nilikaribia kuanguka kwa sababu yake. Nikasema kidogo. Sikuweza kusema zaidi.

Nikamsomea aya. Nilikuwa nimeichapisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akauliza swali moja.

"Jina yangu uliandika?"

Nikasema hapana, nimekulinda, haliruhusiwi.

"Sasa watajua aje ni mimi?" Aliumia. Kweli aliumia. "Mtu atasoma pale aseme mnyapara, mnyapara. Nani? Mimi nilibeba maji ya hiyo pipa na mgongo yangu."

Nimerudi nyumbani. Furaha yuko sokoni, nyumba iko kimya. Nimefungua kompyuta kwenye ukurasa wa shukrani, ambao mtahini hakuugusa na kanuni hazisemi kitu juu yake. Pale chini ya wazazi wangu na Dakta Ssali nimeongeza mstari: Kwa Okello, mnyapara, aliyenisaidia kuliko nilivyomwomba.

Nimeutazama kwa muda. Jumatatu naupeleka kwa mchapishaji.